Utosi wa Mlingoti

Shangazi yangu ni msusi, na mdomo anao. Siku alipoteleza kwenye shampuu saluni kwake akavunjika bega, neno lake la kwanza pale sakafuni lilikuwa, "Nani kamwaga hii?" Kaimwaga mwenyewe.

Daktari alitueleza kwamba hatampasua sana. Angechana sehemu mbili ndogo tu, apenyeze bamba la chuma na skrubu huku akiangalia mfupa kwenye skrini. Shangazi aliuliza jambo moja: "Nitanyanyua mkono nisuke tena?" Daktari akasema itategemea mazoezi. Jibu hilo lilimkosesha raha, maana bila kusuka hajui awe nani.

Alipozinduka alichungulia plasta zake mbili. "Wewe mtoto, hawa watu wamenipasua kweli au wamenilaza tu?" Nilicheka hadi nesi akanitoa nje.

Mfupa uliunga vizuri. Akarudi kazini, lakini mkono ukifika usawa wa kidevu unagoma. Dada anayemfanyisha mazoezi hospitalini alishindwa kuelewa, mpaka siku moja akaja mwenyewe saluni. Akakuta viti vitupu na mteja kaketi chini kwenye mkeka. Mteja mmoja alianza kukaa chini kwa huruma, ili shangazi asinyanyue mkono, wengine wakaiga, na shangazi akanogewa.

"Kumbe!" akasema yule dada. "Mnamdekeza mpaka bega limelala." Akavuta stuli ndefu kuliko zote, akapanda, akafungua nywele zake. "Haya mama, nisuke."

Shangazi alisonya. Alianzia kisogoni, akapanda polepole, jasho linamtoka, huku akimwambia yule dada maneno ambayo siwezi kuyarudia. Siku hiyo aliishia juu kidogo ya masikio. Mkeka tukaukunja, na tangu hapo kila mteja akawa anapandishwa stuli, atake asitake.

Jana ikawa zamu yangu. Mimi nyumbani naitwa Mlingoti, na urefu huo nimeupata kwa baba, kaka yake. Nikavuta kiti.

"Nani kakwambia ukae? Simama."

"Shangazi, utaweza?"

"Simama!"

Nikasimama. Nikasikia kitana kinagusa paji la uso, kikapanda, kikakata mstari katikati ya utosi mpaka nyuma. Machozi yakanitoka, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja kwa furaha.

"Tulia bwana," akasema. "Unanipindishia mstari."