Ugonjwa wa Gari la Bwana André

Idi Mutambala alikuwa na meza yake mwenyewe, na hilo alipenda watu walijue hata kabla ya kulijua jina lake. Katika garaji ya Bwana Basile, Mgiriki, pale Albertville, Kongo ya Wabelgiji, mwaka wa hamsini na sita, mafundi wote walifanyia kazi chini, juu ya magunia, isipokuwa yeye. Yeye alikuwa fundi wa umeme. Meza ilikaa dirishani, ina droo mbili, na droo moja ilikuwa na kufuli. Ndani ya hiyo yenye kufuli hamkuwa na kitu ila kofia yake ya kuswalia na karanga za kutafuna, lakini nani angejua? Aliifungua na kuifunga mara kumi kwa siku, ufunguo ukilia, ili kila aliyepita aone kwamba hapa pana siri za kazi.

Babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji na biashara ya chumvi. Baba yake aliuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Yeye akaenda kushika nyaya kwenye meli za bandarini, akatoka huko anajiona ameupita ukoo mzima. Siku hizi ni mzee, na ukimkuta barazani kwake atakuambia mwenyewe, huku anacheka, kwamba enzi zile kichwa kilikuwa kimemvimba hata shingo ilikuwa inachoka kukibeba. Mambo ya gari la Bwana André ndiyo anayoyasimulia kuliko yote. Wala hayatii chumvi, maana yenyewe yanatosha.

Bwana André alikuwa mhandisi wa reli, Mbelgiji mrefu, mpole ukimlinganisha na Wabelgiji wenzake. Gari lake lilikuwa dogo, la kijani, la mbio, lililotengenezwa Uingereza kabla ya vita. Usukani kulia, viti viwili basi, turubai la kukunja, na gurudumu la akiba limefungwa mgongoni. Liliingia garaji mwezi wa tano kwa sababu panya walikuwa wametafuna nyaya. Idi akazivuta nyaya zote upya kwa siku nne, akafunga kila fungu kwa tepu, akamkabidhi mwenyewe. Bwana Basile akamsifu mbele ya watu. Ebo! Siku hiyo alirudi nyumbani kwa kupitia njia ndefu, ili akutane na watu wengi zaidi.

Wiki haijaisha, gari likarudi linasukumwa. Lilikuwa linakwenda vizuri, alieleza Bwana André, mara likanyamaza kimya katikati ya barabara. Taa hakuna, honi hakuna, injini hakuna. Wakashuka, yeye na mkewe, wakaanza kulisukuma, na alipojaribu ufunguo tena, likawaka kana kwamba halijafanya kitu, kisha likazima tena. Idi akalichukua, akaliwasha, likanguruma asubuhi mpaka jioni bila kukohoa. Akalirudisha. Baada ya siku tatu likarudi linasukumwa tena.

Ukawa ndio mchezo. Majuma sita gari linakwenda na kurudi. Fyuzi hazikuungua hata moja, na hilo ndilo lililomtesa, kwa sababu waya ukigusa chuma mahali pabaya lazima fyuzi iungue. Akatembea na taa yake ya kupimia kutoka kwenye betri hadi kwenye taa za mbele, akikaza kila parafujo. Akasugua vichwa vya betri kwa msasa. Akabadilisha swichi ya ufunguo. Alipoishiwa na ya kubadilisha, akainamisha sikio juu ya nyaya, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama daktari. Hakuna linalosikika kwenye waya. Alilijua hilo vizuri sana, lakini Bwana Basile alikuwa anatazama.

Halafu akatafuta wa kumsingizia. Juma la kwanza ilikuwa unyevu wa ziwa. Juma la pili vumbi la barabara ya Nyunzu. Juma la tatu alisema Waingereza wenyewe ni watu wasioeleweka, kwa hiyo na umeme wao ndivyo ulivyo. Fundi wa injini, Néhémie, kijana mtulivu aliyesoma kwa mapadri huko Baudouinville, alimwambia mara moja tu, kwa adabu, kwamba labda Papa Idi aangalie tena zile nyaya alizovuta mwenyewe. Idi alikasirika siku mbili nzima. Kazi yake mwenyewe? Aangalie kazi yake mwenyewe, yeye mwenye meza? Akaangalia kila mahali katika lile gari isipokuwa hapo.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Bwana André alilisema tangu siku ya kwanza. Alisema gari huzimika Madamu, ndiye mke wake, akiwa ndani. Akiwa peke yake, hata afike daraja la Lukuga na kurudi, halina neno. Bwana Basile alicheka mpaka akashika tumbo, akasema hata yeye mke wake akipanda gari kitu fulani huharibika. Madamu alikuwa amesimama pale pale, akatabasamu kidogo, akaangalia pembeni. Idi naye akacheka. Hakuona cha kuchekesha, lakini mkuu wa kazi akicheka, wewe utabaki umenuna?

Kulijaribu barabarani walilijaribu mara nyingi. Bwana Basile alikamata usukani. Kofia yake ya jua aliivua, akaiweka kwenye kiti cha pili ili upepo usiichukue. Idi alipanda nyuma, juu ya turubai lililokunjwa, miguu ikining'inia kwenye gurudumu la akiba, mikono imeshikilia chuma. Hakuna aliyepanga hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Mfanyakazi hukaa nyuma, na kama gari halina nyuma, basi atatafuta nyuma. Wakapita mjini namna hiyo, Idi anarushwarushwa huko juu, huku uso ameukaza, ili watu wa sokoni wajue kwamba fundi yuko kazini. Gari halikuzimika hata siku moja.

Alhamisi ya juma la sita Bwana Basile alichoka. Alimwita Idi mbele ya wote, akasema Jumamosi saa sita Bwana André na Madamu watakuja kulichukua gari waende karamuni kwa mkuu wa wilaya. Likizima tena, meza atapewa Néhémie, na Idi atarudi kwenye shimo la grisi alikoanzia. Idi akaitikia ndiyo, Bwana. Usiku ule hakula. Aliwaza shimo: miguu ya watu inapita juu ya kichwa chako, matope ya barabara yanakudondokea machoni. Aliwaza hasa ile njia ndefu ya kurudi nyumbani, na wote aliokuwa akiwasimamisha kuwaeleza habari za meza.

Ijumaa alitoka msikitini akarudi garaji moja kwa moja. Ilikuwa saa ya Wazungu kulala mchana, na wenzake walikuwa wamekwenda kula. Akaliwasha gari, akasimama mbele yake na taa ya kupimia mkononi, anamwomba Mungu lizime. Halikuzima. Mke wake Hidaya akaingia na bakuli la ugali na samaki wa mikebuka limefungwa kitambaa. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mtaani kwao Kataki, jua la utosi, na Hidaya hakuwa mwanamke mwepesi. Akatafuta pa kukaa, hakuona. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Akajiachia kwenye kile kiti cha pili, chote kikalia.

Gari likanyamaza.

Idi akadhani amegusa kitu. Akamtoa kwa ukali, akageuza ufunguo, gari likawaka.  Hidaya, kwa sababu alikuwa amefokewa bure na miguu bado inamuuma, akarudi akakaa tena. Likanyamaza. Akainuka, Idi akageuza ufunguo, likawaka. Mara tatu walifanya hivyo, na mara ya tatu Idi alikuwa amekwisha piga magoti sakafuni, amefunua kiti.

Kilichokuwa pale chini alikijua. Siku ile ya kuvuta nyaya, waya mkuu, ule unaopeleka moto wa betri kwenye ufunguo, ulimpungukia kidogo. Hakutaka kwenda kumwambia Bwana Basile kwamba amepima vibaya. Akaunga kipande, na kiungo hakikutoka kizuri, kikawa kinene, kibaya, cha aibu. Kwa hiyo akakificha mahali ambapo hakuna jicho lingekiona, chini ya kiti cha abiria. Mtu akikaa, chuma cha kiti kinakikandamiza, nyaya zinaachana. Akiinuka, zinagusana tena. Ndiyo maana fyuzi haikuungua: hakuna kilichogusa mahali pabaya, moto ulikuwa unakatika tu. Idi alikaa chini sakafuni, akakishika kile kiungo, akatamani ardhi immeze.

“Papa Mwavita,” Hidaya akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, “wewe hujakaa hapa hata siku moja?”

“Ni kiti cha Wazungu.”

“Na yule Madamu aliwaambia?”

“Alituambia.”

“Mukamucheka.”

“Tulimucheka.”

 Hidaya akafungua kitambaa, akamwekea bakuli juu ya ile meza maarufu, akamwambia ale kabla ugali haujapoa. Jioni hiyo Idi alivuta waya mpya, mmoja, mzima, akaupitisha ubavuni ambako kiti hakifiki. Kiungo akakitia mfukoni. Na akiwa njiani kurudi nyumbani, akatengeneza uongo mzuri sana. Angesema aligundua kutu ndani ya swichi, kutu ya ziwa, ndogo kiasi kwamba fundi wa kawaida asingeiona.

Jumamosi saa sita walikuja, Bwana André na tai shingoni, Madamu na gauni jeupe. Idi akafungua mdomo aanze habari za kutu, lakini Bwana Basile akamwahi. Alisema gari ni zima, lilikuwa zima siku zote. Bwana André awe mvumilivu tu, wanawake wana woga, mguu wa Madamu huenda hupiga kitu. Akacheka. Madamu akainamisha uso, akawa anatazama viatu vyake, na shingo ikamwiva nyekundu. Idi akaiona. Uongo wake ulikuwa tayari ulimini, kazi kuutema tu. Akasikia sauti inasema kitu kingine, na ilikuwa sauti yake.

Alisema Madamu alisema kweli. Akatoa kiungo mfukoni, akakiweka kiganjani wakione. Akaeleza: waya aliupunja yeye, kiungo ni chake, alikificha yeye, na mtu akikaa pale gari lazima lizime. Ya Hidaya hakuyagusa. Alisema amekandamiza kwa mkono. Garaji yote ilikuwa imeacha kazi. Néhémie alisimama na spana mkononi, na Idi hakuthubutu kumtazama.

Bwana André aligeuzageuza kile kiungo. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa, “Majuma sita mulijaribu hili gari. Hakuna hata mumoja aliyekaa hapa?”

Idi akamtazama Bwana Basile, akatazama chini.

“Kofia, Bwana,” akasema. “Kofia ya Bwana Basile njo ilikaa hapo. Mimi nilikuwa nyuma.”

Mtu fulani ndani ya shimo la grisi akashikwa na kikohozi kirefu. Bwana Basile akavimba mishipa. Akasema imetosha, fundi anayeficha uchafu wake hafai, tangu Jumatatu meza ni ya Néhémie.  Bwana André akaingia nyuma ya usukani. Ni Madamu aliyerudi nyuma hatua moja, akaushikilia mlango wa upande wake wazi. Kwa kile Kiswahili cha jikoni kwake akamwambia Idi, “Wewe, ikala hapa.”

“Likizima,” Bwana Basile akasema, “usirudi kwa meza.”

“Na lisipozima?” akauliza Bwana André, gari likinguruma. Mgiriki akakunja midomo, akatoa mkono kuashiria waende.

Idi alikaa. Alikaa kwa nusu ya makalio kwanza, halafu akakumbuka kwamba ni lazima alemee, akajibwaga na uzito wote aliojaliwa. Wakashika njia ya bandarini, wakapita sokoni, wakapita reli. Miaka yote ile alikuwa akitaka mji umwone. Sasa mji ulikuwa unamwona, watu wameacha kupima samaki wanamwona yeye kando ya Mzungu, mbele, kwenye gari la mbio, naye alikuwa anateremka kidogo kidogo kitini mpaka likabaki paji la uso. Masikio yake yalikuwa kwenye injini. Kila gari liliporuka shimo alifumba macho. Wakafika daraja la Lukuga, wakageuza, wakarudi, na lile gari halikuzimika.

Bwana André na Madamu waliondoka kwenda karamuni kwao, gari likiunguruma mpaka sauti ikapotea kilimani. Bwana Basile alibaki anajipepea kwa kofia. Kisha akasema meza ibaki ilipo, na kuanzia sasa fundi wa umeme atapimia magari akiwa amekaa kwenye kila kiti, hata cha mbele.

“Lakini utatandika gunia,” akasema. “Sitaki ngozi za viti vya watu zichafuke.”

“Ndiyo, Bwana,” akajibu Idi.

Alifurahi. Hapo ndipo, akisimulia, huacha kucheka kidogo. Anasema alifurahi kwelikweli, kwa moyo wote, alikwenda mwenyewe stoo akachagua gunia zuri, akalikung'uta, akalikunja vizuri, akaliweka ndani ya droo na kufunga kwa ufunguo. Ilikuwa baadaye, akiwa amekwisha vuka reli kuelekea Kataki, alipojiuliza ni nini hasa kilichomfurahisha.

Hidaya alikuwa mlangoni anamngoja. Akamuuliza gari limekwendaje. Idi akamwambia amebaki na meza, na kwamba alikaa mbele, kiti cha Madamu, mpaka Lukuga na kurudi, mji mzima unatazama. Hidaya akapiga kigelegele, jirani wakatoka. Habari za gunia hakumwambia.