Ndoo Uliyoficha Chini ya Barafu za Ubuyu

Nakumbuka asubuhi moja kule Ugalla, mwanangu Deo, ambayo nimejitahidi kuisahau karibu umri wangu wote. Leo imenirudia nzima nzima nikiwa nimeinama kwenye friza ya mama yako hapa Mpanda. Nilikuwa natafuta samaki. Chini kabisa, chini ya barafu za ubuyu anazowauzia watoto wa mtaa, nikagusa ndoo ndogo ya aiskrimu. Ndani yake kumejaa vichupa, kimoja kina picha ya embe, kingine nanasi. Nilifungua kimoja nikanusa. Embe tupu.

Nilipokupigia simu ulicheka. "Babu, hayo ni maji ya vepu tu, ile sigara ya umeme ninayovuta. Nimeagiza ya mwaka mzima. Yakikaa kwenye baridi hayaharibiki."

Nilikata simu hapo hapo. Nimeona heri nikuandikie, maana kwa mdomo ningekutukana.

Nilikuwa na umri kama wako. Baba alirina asali porini, nami nililima tumbaku kidogo nyuma ya nyumba. Kuku wetu wakaingiliwa na utitiri. Nikaloweka majani ya tumbaku siku tatu, nikachuja, nikatia asali ili dawa inate kwenye manyoya. Ilitoka kahawia, inanukia vizuri, nami nikajiona mtaalamu. Iliyobaki nilitaka idumu hadi mvua zinazofuata. Nyumbani sehemu ya baridi ilikuwa moja tu, mchanga mbichi uliozunguka mtungi wa maji. Hapo ndipo mama alipofukia chupa zake za maji ya asali yasichachuke. Nikafukia yangu kando ya zake, nikaiziba kwa gunzi la mahindi kama alivyoziba yeye. Nilijua yangu ni ile ya upande wa ukutani. Nilijua mimi peke yangu, wala sikumwambia mtu.

Mdogo wangu Sabina alikuwa na miaka sita, na msemaji kama redio. Alirudi kutoka shambani ana kiu, akafukua chupa ya kwanza aliyoigusa. Mimi nilikuwa uani nachonga mzinga. Nilisikia anakohoa, nikageuka. Chupa iko mkononi mwake, gunzi liko chini. Mate yalianza kumtoka, kisha akatapika, kisha miguu ikakataa kumbeba.

Baba alimfunga mgongoni kwa kanga ya mama, akapanda baiskeli. Mimi nilikimbia nyuma yake hadi zahanati. Njia nzima jibu lilikuwa mdomoni mwangu.

Mganga wa pale alikuwa mama mmoja asiyependa maneno mengi. "Amekunywa nini huyu?" aliuliza.

"Maji ya asali tu," baba akajibu.

Yule mama akanitazama mimi. Nikaangalia sakafu. Niliogopa fimbo ya baba, mwanangu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mdogo wangu anatetemeka kitandani, jasho linamtiririka, pumzi inakuja na kukatika, na mimi nawaza viboko. Mganga akasema huenda ni malaria imepanda kichwani, akaanza kuandaa sindano. Nikamwacha aandae. Nilimwona anapasua kichupa cha dawa, nikamwacha. Mpaka midomo ya Sabina ilipoanza kubadilika rangi ndipo sauti ikanitoka.

"Ni tumbaku. Nimeiloweka mimi."

Sindano akaiweka pembeni. Akamgeuza ubavu, akamsafisha kinywa, na pumzi ilipokatika kabisa akampulizia kwa mdomo wake mwenyewe. Sijui ilichukua muda gani. Nilisimama nimebana ukuta, nikingoja kifua cha mtoto kipande, na kikipanda nangoja tena. Kilipotulia, yule mama alikwenda kunawa mikono.

"Ungesema ulipoingia mlangoni," aliniambia. Na baba hakunipiga, si siku ile wala siku nyingine.

Sabina alipona, lakini maneno hayakurudi yote. Huyo ndiye bibi yenu Sabina, anayeanza kusema jambo akaishia katikati, nyie wajukuu mkamalizia na kucheka mkidhani amezaliwa hivyo. Sikuwahi kuwaambia. Sasa unajua.

Nisikuzungushe. Hayo maji yako yana sumu ile ile ya tumbaku niliyoloweka mimi, na baridi unayoisifu inaitunza sumu pamoja na utamu wake. Mtoto anayejichotea barafu hasomi karatasi ya chupa, yeye anaona embe. Ningefurahi uache kabisa, mapafu ni yako ila nimeyalea mimi. Ukishindwa, basi yakae ndani ya sanduku la kufuli, mbali na chochote kinacholiwa, kwenye chupa zake zenye maandishi, na kila mtu wa nyumba ajue ni kitu gani. Ndoo nimeitoa, nimeifungia kabatini kwangu. Njoo uichukue leo, lakini kwanza umwambie mama yako mwenyewe ulikuwa umeweka nini chini ya barafu zake. Atafoka. Mwache afoke. Na siku yoyote mtu akinywa kitu kwa uzembe wako, sema hapo hapo, kabla hujaulizwa, hata kama aliye mbele yako ndiye unayemwogopa kuliko wote.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe moyo wa kusema kweli mapema. Akuepushe na kukaa meza moja na mtu unayempenda, miaka na miaka, ukimwangalia anatafuta neno ambalo wewe ndiye uliyempotezea.