Farasi Mkali wa Duke

Duke wa Valdehierro alipotaka kuchorwa akiwa juu ya farasi, kama watawala wote wa Uhispania walivyochorwa, aliyepanda hakuwa yeye. Ugonjwa wa jongo ulikuwa umemvimbisha miguu. Aliyevaa deraya yake ya chuma na mshipi wake mwekundu wa jemadari alikuwa Ginés, mtunza farasi, na alichopanda kilikuwa pipa la divai.

“Inua kidevu,” maestro Orduño, mchoraji, alimwambia. “Unatawala watu, husugui kwato.”

“Na hii fimbo, maestro?”

“Ya uamiri jeshi. Ielekeze mbele.”

“Mbele kuna jiko.”

“Basi liteke jiko!”

Ginés alicheka, ila moyo wake ulikuwa zizini. Maestro alikuwa akiiga rangi ya Jilguero, farasi mzee ambaye Ginés alimlea tangu siku aliyozaliwa. Don Fadrique, msimamizi wa nyumba, alishasema: picha ikiisha, Jilguero anakwenda kwa mchuna ngozi, maana kibogoyo hali shayiri. Basi kila asubuhi Ginés alijikuna, akakohoa, akalalamika kwamba deraya inambana. Hata hivyo picha iliisha.

Duke aliletwa kwa kiti cha kubebwa. Katika picha Jilguero alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, macho yakiwaka, povu likimruka. Mgongoni alikaa Duke, ametulia, hatamu kaishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshika kikombe cha chokoleti.

Duke alitazama, rangi ikamtoka usoni.

“Huyu ndiye yule wa zizini?”

“Ndiye, Mtukufu,” maestro akasema.

“Mchuna ngozi yuko langoni, Mtukufu,” don Fadrique akakumbusha.

“Umuuze? Watu waseme nimeshindwa na farasi wangu?” Akamgeukia Ginés. “Na wewe huwa unamkaribia hivihivi?”

Ginés akatazama sakafu. “Polepole, Mtukufu.”

“Apewe zizi lake peke yake. Na asitokee mtu wa kuniambia nimpande. Umesikia?”

“Nimesikia, Mtukufu.”

Tangu hapo wageni waliotoka kuitazama picha walipelekwa kumwona yule mnyama, kwa mbali, nyuma ya boriti nene. Walimkuta Ginés akichovya mkate katika maziwa na kumtilia mdomoni kwa vidole vyake. Mabibi walijifunika macho kwa pepeo zao za mkononi. Jilguero alimeza, akasinzia.