Kunde Kumi za Dada wa Utafiti

Dada wa utafiti aliyepanga chumba hapa Bungu hapandishi sauti. Anakumiminia kunde kumi kiganjani, kisha anauliza: "Majirani zako kumi wakipewa mchele, wangapi watakugawia? Weka kunde kwa idadi yao." Kabla hujajibu, keshaficha kunde za makisio yake chini ya kikombe. Vidole vyake ni vya baridi. Wanawake wanasema hiyo ni ramli, kikombe kile husema cha moyoni. Wakitoka hapo hunawa mikono.

Mimi niliweka tisa, maana jirani yangu Mwamini alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Dada akafunua kikombe. Zilikuwa mbili, idadi ileile niliyoihesabu kimoyomoyo. "Pole, kaka," akasema, akizikusanya taratibu. Nyuma yangu Mwamini akauliza, "Kwenye hao wawili, mie nimo?"