Kamera Mbili kwenye Slava

Radenko wa Valjevo alikuwa mpiga picha za filamu, na kulinganisha vitu ndiyo ilikuwa ibada yake. Hata supu aliionja mara mbili kabla hajaisifu. Mwongozaji wake, Tijana, alitaka filamu mpya ipigwe kwa mwanga wa mshumaa peke yake. Alimpa kamera mbili achague moja. Radenko akaona bahati imempigia hodi, maana kesho yake ilikuwa slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, na mshumaa ungewaka kutwa.

Ilikuwa slava ya kwanza tangu baba afariki. Mama yao, Desanka, alishatangaza kwamba jioni atamkabidhi mwana mmoja sikukuu hiyo, awe mwenyeji wake maisha yote. Mkubwa ni Radenko. Aliitaka heshima hiyo mno, ila hakumwambia mtu.

Siku ilipofika, nyumbani kwa mama, akafunga mapazia, akapiga picha kwa kamera ya kwanza, kisha akaisogeza ya pili.

"Mama, tuuzime mshumaa huu, niwashe mwingine mpya. Umepungua, kipimo hakitakuwa cha haki."

Wageni waliacha kutafuna. Mshumaa wa slava haupulizwi. Mwenyeji huuzima kwa divai, sikukuu ikiisha.

"Thubutu," mama alisema. "Nitakupuliza wewe."

"Mwache, mama," alidakia Dobrilo, mdogo wake. "Kaka keshaoa kamera. Wawili kwa mpigo!"

Basi Radenko akaziweka kamera sako kwa bako, akainamia vioo vyake. Ukafika wakati wa familia kuushika mkate wa slava pamoja na kuuzungusha.

"Radenko, njoo."

"Nakuja, mama, ngoja kidogo."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Hakwenda. Walipomaliza kula alifungasha vifaa akamwahi Tijana, mshumaa ukiwa bado unawaka.

Picha za kamera ya kulia zilijaa chenga, na nyuso zilikuwa kama uji uliomwagika. Ya kushoto iliona kila kitu, hata gizani nyuma ya mkate. Huko mama alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye mkate, wa pili ameunyoosha kuelekea kamera. Aliunyoosha muda mrefu. Kisha akaurudisha, na Dobrilo akasogea pale palipokuwa wazi.

"Ona huo mkono!" Tijana alisema. "Hadi mikunjo ya vidole! Tunachukua hii."

"Hii," Radenko aliitikia. Aliona aibu kama mtoto. Akatoka nje, akapiga simu.

"Mama, nimeuona mkono wako."

"Ulikuwa hapo hapo mezani, mwanangu."

"Najua. Mshumaa bado unawaka?"

"Dobrilo keshauzima kwa divai. Mwakani slava ni kwake. Na wewe uje. Wageni huja na chupa."