Kandida wangu anataka binti yangu azidi kumngoja mume aliyepotea

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mkatoliki kutoka upande wa Bukavu, naishi mtaa wa Ndosho, Goma. Jina langu lifichwe, ingawa wengine mtanitambua kwa ukali. Naandika mitandaoni kila juma. Nimegombana na waalimu, wabunge, hata mapadri, na sijawahi kuomba radhi kwa kusema kwamba nchi hii iliharibika tulipoacha ndoa ichezewe. Leo sikuja kugombana. Moyo unaniuma.

Chama chetu kidogo cha watu wanaoshika dini na familia kinatafuta kandida, yaani mtu wa kumsimamisha kwenye uchaguzi wa rais. Mtacheka: hapa Goma, kwa vita hivi, nani anajua kama sanduku la kura litatufikia? Chekeni tu. Kila Jumapili baada ya misa tunabishana katika chumba cha nyuma cha duka moja Birere, na sasa wamebaki wawili. Mmoja ni mwalimu wa zamani, mnyoofu, hasemi mambo mawili. Mwingine ni mfanyabiashara mchangamfu anayemwahidi kila mtu anachotaka kusikia. Nilimpigania mwalimu tangu mwanzo. Maandishi yangu ndiyo yaliyomfikisha alipo.

Jumapili iliyopita mwalimu aliulizwa kuhusu wake za watu waliopotea vitani. Akajibu bila kusita kwamba akishika nchi, ataondoa ruhusa ya mahakama inayomwezesha mwanamke kama huyo kuolewa tena. Bila ushahidi wa kifo, bado ni mke wa mtu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Binti yangu, nimwite Neema, mume wake alikuwa anaendesha pikipiki. Alibeba abiria kuelekea mji wa Sake wakati wa mapigano. Watu walimwona akipita mtaa wa Lac Vert, basi. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Kilio hatukukaa, maana mama mkwe wake alisema atakayewasha moto wa kilio kwa mtu asiyeonekana, huyo ndiye atakuwa amemuua. Neema amebaki hivyo hapa kwangu na watoto wake, si mke, si mjane. Sasa kuna seremala mmoja, mtu mtulivu, anataka kuleta wazazi wake waseme nasi. Wanangoja tu mahakama itoe ile ruhusa.

Muzee mmoja wa upande wa mfanyabiashara akainuka. "Mama, unapiga makofi! Na ule mutoto wako wa Ndosho, ye tumufanyie nini?"

Chumba kikacheka. Nikamjibu, "Muzee, sheria haiangalie mutoto ni wa nani." Nikakaa kama mshindi.

Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Neema alikuwa anachagua maharagi, hakuinua kichwa.

"Mama, juu ya nini ulisema vile?"

"Nilisema kile ninaamini."

"Unaamini bwana yangu iko muzima?"

Nikavuta maharagi, nami nikaanza kuchagua. Siamini. Ni zamani siamini.

"Basi miye ningoje nani?"

Na bado. Katika chama chetu, anayemtambulisha kandida siku ya kuchagua husimama mbele na watu wote wa nyumba yake, ili wajumbe waone kwamba anayoyasema anayaishi. Jumapili hii nimepewa mimi kumtambulisha mwalimu. Nilidhani Neema atakataa. Afadhali angekataa.

"Nitakuja," aliniambia. "Nitasimama pembeni yako na watoto. Lakini kisha pale, usiniite tena mutoto wako."

Nikimwacha mwalimu, yule mwingine atapita, na mtu huyo, nawaapia, atauza hata altare akipata mnunuzi. Nikisimama, nitakuwa nimemzika binti yangu akiwa hai, mbele ya watu wanaopiga makofi. Ninyi mnaonisoma, hata wale niliowatukana, nipeni neno. Msinipe la kunifurahisha. Nisimame au nikae? Jumapili iko karibu, na hapa ninapoandika namsikia Neema anapiga pasi nguo za watoto.