Kinanda cha Mzee Chilongani na Kidole Changu Gumba

Aibu hii ningeizika, lakini kwa kuwa Chamwino nzima inaisimulia, afadhali muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi zaidi.

Mzee Chilongani, baba yake Neema, alipostaafu aliinunulia kwaya yetu kinanda, cheusi, kinameta, na mbele kimeandikwa HJÖLMER kwa herufi za dhahabu. Wakati huohuo mimi nilikuwa najiandaa kupeleka posa kwake nimwoe huyo Neema, kwa hiyo mtu mwenye akili angepiga makofi na kunyamaza. Mimi nina digrii. (Ya falsafa. Mama anasema ugonjwa ulianzia huko.)

Jumapili ya kukiweka wakfu, mzee akashika maikrofoni, suti imemkaa, akatangaza, "Wapendwa, hii ni Hijolima, mali halisi ya Ulaya!" Vigelegele. Ningeacha tu! Lakini nilikuwa nimetazama video ya Mzungu mmoja akifundisha kutamka majina ya kampuni za vyombo vya muziki, basi nikasimama pale kwenye besi nikasema, "Samahani baba, ni Yöölma. Midomo mbele, kama unapuliza moto."

"Kama napuliza nini?"

"Moto, baba."

Akajaribu, maana ni muungwana, na kanisa zima likajaribu naye, akina mama wa mbele wamechongoa midomo mpaka mchungaji akageukia ukutani mabega yakimtikisika, nami kwa kunogewa nikaenda hadi kwenye kinanda kuwaonyesha kwamba H haisomwi kabisa, nikaifunika kwa kidole gumba, kidole kimejaa jasho, na nilipokiondoa, H ikaja nacho.

Nikairudisha. Ikagoma. Nikasugua kidogo niiweke sawa, J nayo ikabanduka, ikafuata O na nukta zake mbili, na chini yake likachungulia jina jingine, fupi, la vile vinanda vya kuchezea watoto, jina ambalo hata mtoto wa chekechea angelitamka. (Mimi ninayehoji kila kitu, kuanzia bei ya nyanya hadi mahubiri, sikuwahi kuhoji kama kinanda chenyewe ni cha kweli!)

Neema kajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mzee akainama, akakitazama kinanda chake, akanitazama mimi na herufi zangu kidoleni, maikrofoni bado inawaka.

"Haya, mwalimu. Na hili nalo linatamkwaje?"

Kicheko kilichofuata nadhani Dodoma mjini walikisikia. Mpiga kinanda alianguka kifudifudi juu ya vibonye, na kile kinanda kikalia kama bata aliyekanyagwa.

Posa nilipeleka hivyohivyo. Mshenga alirudi anajifuta machozi: "Mzee amekubali. Mpeleke ng'ombe, ila anasema kila mmoja atamsugua kwanza kwa kidole chenye mate, aone kama rangi haitoki."

Tangu hapo nimeapa: mtu akikosea kutamka hata jina langu mwenyewe, naitika.